UNGA USIOCHEKECHWA

Ndugu yetu mmoja afanyaye biashara Eldoret ametuandikia suali. Mkewe ana maradhi ya sukari, naye kwa shauri la daktari ameacha mkate wa boflo na mahamri, akashika sima ya wimbi na mboga ya mnavu kama wafanyavyo majirani zao Wakalenjin. Mume amekasirika, asema huku ni kuwaigiza watu wasio wa dini yetu, na kwamba nyumba yake imekuwa nyumba ya kimaskini.

Kwanza twamwambia kuwa mkate mweupe ndio mgeni katika nchi ile. Makaburu waliofika nyanda za Uasin Gishu mwaka 1908 ndio walioifanya kuwa nchi ya ngano. Wenyewe chakula chao kilikuwa wimbi, maziwa na nyama. Baadaye ndipo mla wimbi alipoonekana mshamba, na mnavu na mgagani, ambao huko huitwa saga, zikadharauliwa. Nasi watu wa pwani tusicheke, kwani ni wangapi miongoni mwetu waonao haya kumwandalia mgeni sima ya mtama?

Huko Magharibi nako waliousema vibaya mkate mweupe walifanyiwa mzaha. Kasisi mmoja wa Marekani, Sylvester Graham, alihubiri juu ya unga usiochekechwa, na mwaka 1837 waoka mikate na wauza nyama wa Boston wakamfanyia ghasia. Kisha katika miaka ya 1960 wakatokea vijana walioitwa mahipi, ambao wazee wetu wa Lamu waliwaona kwa macho yao miaka ya 1970. Bangi yao na uchi wao hatuutaki. Lakini walikula mchele usiokobolewa na dengu, wakafungua maduka yao ya ushirika. Na kitabu alichokitoa Frances Moore Lappé mwaka 1971 kikawafunza wengi kupunguza nyama. Leo mkate wa kahawia umo katika maduka makubwa, na aununuaye hamkumbuki hipi wala kasisi.

Kwetu Kenya kazi hii haikufanywa na mahipi. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa na wenzao walizichunguza mboga za kienyeji na kuhimiza zipandwe na ziuzwe mijini, na mwaka 2021 UNESCO ikaiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha ya mifano myema.

Ama kuiga, Imamu Bukhari amepokea kwa Sahl bin Saad kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuuona unga mweupe uliosafishwa tangu alipopewa utume hata alipofishwa. Shayiri ilisagwa, ikapulizwa, makapi yakaruka yaliyoruka, na yaliyosalia yakakandwa. Basi mke huyu amemuiga nani? Wala hatusemi kuwa mkate mweupe ni haramu. Mwenye kuharimisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu amezua, awe ni hipi au ni sheikh. Wala wimbi si dawa ya kuponya sukari. Dawa za daktari asiziache, na sima yenyewe aile kwa kiasi alichoambiwa. Lakini sisi tumeingia nyumba ambazo mgonjwa amekatwa mguu, na sinia la kaimati liko mbele yake, watu wakimwambia, "Kula kidogo tu, leo ni Ramadhani." Huo ndio ukarimu tuuogopao. Na ndugu yetu akipikiwa chungu chake mbali na cha mkewe, mke huyo atashinda akionja cha mumewe. Bora wale chungu kimoja.

Ameuliza pia juu ya mursik, maziwa yanayogandishwa kibuyuni kwa mkaa, ambayo wanariadha hunyweshwa warudipo na ushindi. Hapa twataka tahadhari, kwani si kila cha mababu ni chema. Mwaka 2013 wataalamu walitoa habari kwamba katika mursik waliyoipima walikuta alkoholi na sumu itokanayo nayo, wakaihofia kuwa huenda ni sababu moja ya saratani ya koo katika upande ule wa nchi. Mtume alikunywa maji yaliyorowekwa tende au zabibu hata siku ya tatu, kisha yaliyobaki humwagwa. Na kinacholevya kwa wingi, uchache wake pia ni haramu. Basi maziwa mabichi na mala ya siku moja yatosha. Na mursik ambayo muuzaji hawezi kukwambia imekaa kibuyuni siku ngapi, iache. Wallahu aalam.