Samaki wa Mawe Asiye na Jina: Tatizo la Istilahi Kutoka Mto Kipsonoi

Mto Kipsonoi huteremka kutoka Msitu wa Mau, hupita nchi ya Sotik isiyo mbali na Kaplong, kisha maji yake huungana na ya mito mingine kuwa Sondu-Miriu unaoingia Ziwa Viktoria. Katika mito ya bonde hili huishi samaki mdogo, kiasi cha kidole, aitwaye na wanasayansi Chiloglanis somereni. Spishi hii ilielezwa na P.J.P. Whitehead mwaka 1958. Makala haya yanauliza swali moja: je, Kiswahili kimwiteje?

Kabla ya kumpa jina hatuna budi kumfahamu. Ni wa ukoo mpana wa kambare: hana magamba, na ana sharubu. Ila midomo yake imepanuka ikawa kisahani cha duara chini ya kichwa. Hukigandamiza kisahani hicho jiweni, akatulia pale pale ambapo maji yaendayo kasi yangemchukua samaki mwingine. Chakula chake ni vibuu vya wadudu na mwani, navyo hupatikana juu ya mawe hayo hayo. Kwa hiyo matope yakijaza nafasi baina ya mawe, samaki huyu hukosa pa kushika na pa kulia kwa wakati mmoja. Matope hayo yana chanzo. Mwaka 2001 serikali ilitenga sehemu kubwa za Msitu wa Mau kwa makazi, na huku chini mahindi hulimwa hadi ukingoni mwa mto. (Chai hulaumiwa mno, kichaka cha chai kilichokomaa hufunika udongo vizuri kuliko shamba la mahindi.)

Mwalimu wa Bomet anayetaka kueleza madhara haya kwa Kiswahili hulazimika kusema “samaki fulani mdogo”. Mwanafunzi hawezi kumhurumia “fulani”.

Si kwamba lugha yetu ni maskini wa majina ya samaki wa maji baridi. Tuna sato, sangara, furu, ningu na gogogo. Tuna kamongo, jina tunaloshiriki na Wajaluo. Tuna pia domodomo, lililoundwa kwa kurudufu jina la kiungo kinachoonekana kwanza. Mjerumani Peters alifuata njia iyo hiyo alipoibuni jenasi ya Chiloglanis mwaka 1868: aliunganisha maneno ya Kiyunani yenye maana ya mdomo na kambare. Tukimtafsiri neno kwa neno tutapata “kambare mdomo”, jina ambalo msikilizaji atalichanganya na domodomo mara moja.

Pwani ina neno lifaalo zaidi. Wavuvi humwita chazo yule samaki wa baharini anayejibandika kwa papa na kasa; zamani alifungwa kamba akatumiwa kuwanasia kasa. Mpinzani atasema kwamba chazo hana udugu na kambare, na kwamba yeye hujibandika kwa utosi, si kwa mdomo. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini halivunji hoja, kwa sababu jina tunalopendekeza ni kambare chazo: nomino ya kwanza inataja ukoo, ya pili inataja tabia. Upatanisho wa kisarufi nao hauna taabu: kambare chazo huyu, kambare chazo hawa.

Kanuni iliyozoeleka ya kuunda istilahi hutaka tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, ndipo lugha nyingine za Kiafrika. Kwa kanuni hiyo chazo angeshinda, na Kipsigis kingesubiri mlangoni. Hapa naona kanuni inakosea. Kamongo hakungoja zamu. Aliingia na jina la maji yake. Basi kabla ya kuliandika pendekezo letu katika orodha yoyote, mmoja wetu ashuke Kipsonoi wakati wa kiangazi, ageuze jiwe, na awaulize vijana wanaonywesha ng'ombe pale wao humwitaje.