Unakaa Bonde la Msimbazi? Jiandae Kabla Mvua Haijaanza

Kama unakaa Jangwani, Kigogo, Mchikichini au mtaa mwingine wa Dar es Salaam ulio kando ya Mto Msimbazi, usisubiri wingu. Masika hunyesha Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Wengi huogopa masika tu, lakini mafuriko yaliyoua makumi ya watu jijini mwaka 2011 yalitokea Desemba.

Utajuaje kuwa maji yanakuja? Sikiliza redioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Hutoa onyo kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ukisikia tahadhari, usilale bondeni na watoto. Usitazame mvua ya kwako peke yake, maana mto huu unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe. Huko kukinyesha, maji yatakufikia hata kama kwako ni kukavu. Angalia na mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, yaani bahari hujaa kuliko siku nyingine, na maji ya mto yanayoingia baharini kwenye Daraja la Salenda hukosa njia. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, bonde hujaa haraka.

Andaa nini? Ndoo yenye mfuniko unaobana inatosha. Weka humo kitambulisho cha NIDA, leseni ya makazi, vyeti, kadi za kliniki, dawa za kila siku na tochi. Viroba vitupu vya nafaka hupatikana dukani kwa bei ndogo. Jaza mchanga, upange mlangoni. Vitapunguza maji ya kuingia ndani, lakini havizuii mto. Kubaliana na ndugu aliye juu kwamba mtakwenda kwake, au muulize mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni shule gani hupokea watu. Kuuliza ni bure.

Maji yakianza kuingia, zima meni swichi kama mikono na sakafu bado ni vikavu, chukua ndoo yako, ondokeni. Usivuke maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa ya magotini. Huangusha mtu mzima, na shimo la choo au mtaro hauonekani chini yake. Mkikwama, piga 114, Zimamoto na Uokoaji.

Sasa, jirani, hili la kutapisha vyoo. Mvua ikikolea, wapo wanaotoboa shimo kinyesi kichukuliwe na maji. Kinyesi hicho kinaishia kwenye kisima na sufuria za wa chini yako, na kipindupindu hakichagui nyumba. Tafadhali, tuache.

Baada ya mafuriko chemsha maji yote ya kunywa hadi yatokote. Mtu akiharisha, mpe maji safi lita 1 yenye vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta, huku mkimpeleka kituo cha afya.

Na kama unatafuta chumba au kiwanja, kumbuka Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza makazi ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Dalali hatakwambia. Tazama kuta za nyumba za jirani: tope huacha mstari pale maji yalipofika. Ukipita goti lako, usilipe kodi hapo.