Kupiga Picha Lipingo na Mwambao wa Nyasa kwa Simu Yako

Simu yoyote yenye kamera inatosha. Kabla ya kupiga, futa lenzi, yaani kile kijicho cha kioo nyuma ya simu, kwa kitambaa laini, kwa sababu mafuta ya vidole na vumbi la mchanga ndivyo vinavyotia ukungu picha nyingi. Kupiga picha ufukweni hakuna ada. Gharama zako ni bando, kuchaji na nauli.

Saa gani inafaa? Huku kwetu kata ya Lipingo, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, jua huchomoza upande wa milima na kuzama ziwani, upande wa Malawi. Kwa hiyo asubuhi, hadi kama saa tatu, ipe milima mgongo: mwanga utaangukia mitumbwi, nyavu na nyuso za wavuvi waliorudi. Kwangu mimi hakuna saa bora kuliko hiyo. Jioni ukielekeza simu ziwani, watu hugeuka vivuli vyeusi. Ukitaka sura zionekane, simama wewe ukingoni mwa maji na uelekee nchi kavu. Gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu ili simu ipime mwanga wa hapo. Usivute picha kwa vidole, maana itapoteza ubora; sogea kwa miguu.

Upige nini? Wengi hupiga machweo tu, na machweo tunayo tele. Tunachokosa ni picha za kazi: dagaa wakianikwa, mtumbwi wa gogo ukichongwa, nyavu zikishonwa, mizigo ikishushwa kutoka kwenye boti. Piga hatua zote za kazi moja, tangu mwanzo hadi mwisho. Wajukuu watataka kujua shoka lilishikwaje.

Ukiweza, fika Liuli, kwenye mwambao huu huu. Wakoloni wa Kijerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wa Pomonda, ulioonekana kwao kama ile sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Hapo ndipo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Unapoupiga mwamba, acha mtumbwi au mtu aingie kwenye picha, ndipo ukubwa wake utaonekana. Ukienda kwa bodaboda au boti, patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda. Na ukipanda milimani hadi Mbinga, yapige mashamba ya ngoro ya Wamatengo, yale yenye vishimo vya kuzuia mmomonyoko, ukiwa mlima wa ng'ambo, jua likiwa chini ili vivuli vioneshe vishimo.

Je, ruhusa inahitajika? Salimu kwanza, eleza picha ni ya nini, kisha ngoja jibu. Mtu akikataa, shukuru uondoke. Kwa mtoto, muulize mzazi. Wagonjwa na waliofiwa waache kabisa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hata picha inayomtambulisha mtu inaweza kuhesabiwa kuwa taarifa yake. Usipige kambi za jeshi wala vituo vya polisi. Bandarini, uliza ofisini kwanza. Droni, yaani kamera inayoruka, inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Picha ikibaki kwenye simu moja, simu ikizama nayo imezama. Nakili kwenye memori kadi, na zile bora zichapishe studio; uliza bei ya saizi ndogo na kubwa kabla ya kukubali. Unaweza pia kuzipandisha bure Wikimedia Commons, hazina ya picha inayotumiwa na Wikipedia, ambako makala nyingi za kata zetu hazina picha hata moja. Ila ujue kwamba ukiziweka huko, yeyote anaweza kuzitumia, hata kibiashara, mradi afuate masharti ya leseni utakayochagua.

Kila picha iandikie kinachofanyika, kijiji, kata na tarehe. Kwa Lipingo andika Wilaya ya Nyasa. Wilaya ya Mbinga iandike kwa picha za kabla ya Nyasa kumegwa kutoka kwake mwaka 2012.