Zinia zangu zinalegea shingo

*Nalima maua ya kukata Pennsylvania, Marekani. Julai zinia huchanua kwa wingi, lakini nikizikata leo, kesho shingo zimelegea na wateja wanalalamika. Nakosea wapi?*
*Mama Maua*

Jibu: Pole, Mama Maua. Shingo ikilegea namna hiyo, mara nyingi ua limekatwa likiwa changa, na zinia haikomai ikishakatwa. Shika bua kiasi cha sentimita 20 chini ya ua, ulitikise taratibu. Likiyumba, liache, likisimama kakamavu, kata. Alizeti ni kinyume: ikate petali zinapoanza tu kuinuka, itamalizia kuchanua ndani ya maji.

Vuna alfajiri, kabla ya joto. Ondoa majani yatakayozama, na ndoo uzioshe kwa sabuni, kwa kuwa bakteria huziba mishipa ya bua. Usiweke zinia kwenye friji; baridi kali huiumiza.

Ukiona pia unga mweupe kwenye majani, huo ni ubwiri unga: panda kwa nafasi, mwagilia shinani. Mmea mzima ukinyauka shambani ilhali udongo una unyevu, ung'oe na mizizi yake umpelekee afisa ugani wa kaunti yako.