Ini Lenye Mafuta na Maradhi ya Kisukari

Zamani, daktari aliyekuta ini limejaa mafuta na makovu alimshuku mgonjwa kuwa mlevi, hata mgonjwa akikana. Mwaka 1980 Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 20 wasio walevi, ambao maini yao yalifanana na ya walevi. Wengi wao walikuwa wanene, na maradhi yafuatanayo na unene, kama kisukari, yalikuwa ya kawaida miongoni mwao.

Mafuta hayo hutoka wapi? Katika kisukari cha aina ya pili insulini imo mwilini, lakini seli haziitii ipasavyo. Seli za mafuta, zikikosa kizuizi hicho, huachilia asidi za mafuta katika damu, na sehemu kubwa huishia kwenye ini. Ajabu ni kwamba ini hukaidi amri ya insulini ya kupunguza utengenezaji wa glukosi, lakini huendelea kutii ile ya kugeuza sukari kuwa mafuta. Ndiyo maana hata mtu asiyependa vyakula vya mafuta aweza kuugua.

Mafuta yakizidi asilimia 5 ya uzito wa ini, huo ni ugonjwa. Kwa kawaida hauumi, na vipimo vya damu vya vimeng'enya vya ini vyaweza kuwa sawa kabisa. Kwa baadhi ya wagonjwa hufuata uvimbe, kisha makovu, hata ini likakakamaa. Kabla ya kufikia hapo, mgonjwa mnene akipunguza uzito wake kwa asilimia 7 hadi 10, mara nyingi uvimbe hutulia, na pengine makovu nayo hupungua.