Mguu Uliopona na Mlima wa Loleza

Somo la toleo hili limetokana na jambo ambalo mwanzoni lilitushangaza. Mwanakamati wetu mmoja, aliyevunjika muundi katika ajali ya bodaboda, alitueleza kwamba anataka kupanda Loleza, mlima ulio juu ya mji wa Mbeya, kwa siku moja na peke yake. Tulimwuliza kwa nini asifuatane na kijana mmoja wa usharika. Akajibu kuwa kwa miezi mitano ameshikwa mkono hata kwenda chooni, na sasa anataka kujua kama mguu huu ni wake au ni wa watu. Tuliona hoja hiyo ina uzito, tukaacha kumzuia, tukakaa naye kupanga.

Mfupa wa muundi kwa kawaida huchukua miezi 3 hadi 6 kuunga. Lakini mfupa kuunga si mguu kupona. Misuli iliyokaa ndani ya plasta husinyaa, na kifundo hukakamaa. Kwa hiyo ruhusa ya daktari ni mwanzo tu. Kipimo kimoja rahisi ni kusimama kwa mguu ulioumia, ukigusa ukuta kidogo, na kuinua kisigino mara nyingi sawa na mguu mzima. Asiyeweza aendelee na ngazi na vilima vifupi.

Kisha ni hesabu ya muda. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Loleza ina mita 2,656, na mji uko karibu mita 1,700. Kupanda peke yake kunaongeza kama saa 1 na nusu. Hiyo ni kwa mwenye afya kamili. Sisi tulizidisha muda wote mara mbili.

Wengi huogopa kupanda, kumbe kushuka ndiko kunakoumiza zaidi. Paja hubeba uzito huku likivutika, na magoti hupokea kishindo cha kila hatua. Fimbo hapo si alama ya uzee!

Aliondoka mwezi Juni, saa 12 na nusu asubuhi, akiwa na sweta, maana joto hupungua karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Mkewe alibaki na karatasi yenye njia atakayopita, saa ya kugeuka (saa 6 mchana, popote atakapokuwa) na saa ya kuanza kumtafuta.

Saa 6 ilimkuta chini kidogo ya kilele. Aligeuka. Mguu ulimwuma siku mbili, ukatulia, na mwezi Agosti alikwenda kwa miguu kukagua chemchemi ya mradi wa maji.