Nyama ya Gobore: Darsa Fupi Katika Mlango wa Uwindaji



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, wiki tatu zilizopita darsa yetu ya fiqhi baada ya sala ya Isha ilifika mlango wa uwindaji. Nusu ya watu walikuwa wanasinzia. Nani anawinda siku hizi? Hapa Nkoma nyama inatoka buchani, imeshakatwa na imeshapimwa. Ndipo ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye kwao ni juu kabisa, Wanale, kwenye yale majabali tunayoyaona kila asubuhi tukitoka mabwenini, akanyoosha mkono. Alisema amesoma katika Sahihi ya Bukhari kwamba Ibn Umar (r.a.) alimhesabu mnyama aliyeuawa kwa bunduki kuwa ni sawa na aliyepigwa rungu akafa, yaani mzoga. Sasa babu yake zamani alikuwa na gobore, na baba yake na ami zake wote walilelewa kwa nyama ile. Je, walilishwa haramu?

Hakuna aliyecheka, na usingizi ulikwisha. Mimi niliyekuwa nasomesha nilijibu nusu ya swali, nikaomba muda. Makala haya ndiyo nusu ya pili, na mwishoni nitaeleza kwa nini swali lile lilinigusa kuliko yule aliyeliuliza.

Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo ndugu yetu alipoteleza, na wala si yeye wa kwanza. Neno la Kiarabu lililomo katika maneno ya Ibn Umar ni bunduqa. Sisi tunalisikia tunafikiri bunduki, na ni kweli kwamba bunduki yetu imetokana na neno hilohilo. Lakini Ibn Umar alifariki katika miaka ya 70 ya Hijria, karne nyingi kabla ya baruti kufika katika nchi za Waislamu. Bunduqa ya zama zake ilikuwa kidonge cha udongo mkavu, kikirushwa kwa upinde au kwa namna ya manati, kikampiga ndege kikamwangusha. Hakitoboi. Kinaponda. Imam Nawawi naye (alifariki 676 H), katika Minhaj ambayo wanafunzi wa pwani yetu wameisoma kizazi baada ya kizazi, anaitaja bunduqa pamoja na mjeledi na mshale usio na ncha: vyote hivyo vinaua kwa uzito, basi kilichouawa navyo hakiliwi. Hakuwa anazungumzia bunduki hata kidogo.

Asili ya hukumu hii ni Qur'ani na Hadithi. Aya ya 3 ya Suratul Maida inataja miongoni mwa vilivyoharamishwa mnyama aliyekufa kwa kupigwa. Aya ya 4 inahalalisha kilichokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda. Kisha ipo Hadithi ya Adi bin Hatim (r.a.), mwana wa kabila la Tayyi, ambaye alikuwa mwindaji hasa na alimuuliza Mtume (s.a.w.) maswali ya mwindaji. Aliuliza kuhusu mi'radh, aina ya mshale mzito usio na manyoya. Jibu alilopewa, kwa maana yake, ni kwamba ukimpata mnyama kwa ncha ukatoboa, mle. Ukimpata kwa ubavu wake akafa, usimle. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Zingatia kwamba chombo ni kilekile, mkono ni uleule, na hukumu ni mbili. Kinachoangaliwa ni namna mnyama alivyokufa.

Sasa gobore. Kwa wasiolijua, gobore ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni. Unamimina baruti kwa kipimo mtutuni, unaweka kitambaa, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki mpaka risasi ikae juu ya baruti. Mwisho kabisa unaweka fataki chini ya nyundo. Lile la zamani zaidi, la jiwe, ndilo wazee walikuwa wakiliita gumegume. Karne ya 19 silaha hizi zilipanda bara na misafara kutoka Zanzibar na Bagamoyo, na misafara hiyohiyo ndiyo iliyowaleta waalimu wa kwanza wa dini katika sehemu nyingi za bara. Marekani, hadi leo, majimbo mengi yana msimu maalumu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za namna hii, na Waislamu wanaoishi huko wanauliza swali hilihili la Wanale. Kulungu wao si mnyama wa kwetu. Kwetu ni pongo, funo na swala. Fiqhi haibadiliki kwa hilo.

Maulamaa walipoiona risasi walitofautiana, na tofauti yao ina maana. Ibn Hajar al-Haytami (alifariki 974 H), ambaye vitabu vyake ni nguzo ya madhehebu yetu ya Shafi, alikuwa mkali juu ya silaha ya moto ya zama zake kwa kuwa inaunguza na inaua upesi. Ibn Abidin wa Damascus (alifariki 1252 H), Mhanafi, aliona kwamba risasi inaua kwa kuunguza na kwa msukumo mzito, haina makali, basi mnyama haliwi isipokuwa ukimdiriki hai ukamchinja. Upande wa pili wamo Wamaliki wa zama za baadaye, akina al-Dardir (alifariki 1201 H), walioruhusu, na al-Shawkani wa Yemen (alifariki 1250 H), aliyesema kwamba risasi inapenya mwilini, na kupenya ndiko kulikotajwa katika Hadithi. Wanavyuoni wengi wa leo wamefuata kauli hii.

Mimi ni mwanafunzi, sina fatwa. Lakini tazama jinsi wote, waliokataza na walioruhusu, wanavyouliza swali moja: je, ilitoboa au iliponda? Na hapa ndipo gobore linapotofautiana na raifo. Risasi ya raifo ina kasi kubwa sana, haina mjadala kwamba inapenya. Risasi ya gobore ni nzito na inakwenda polepole. Kwa karibu, tuseme hatua hamsini, inaingia vizuri. Ukizidisha umbali inachoka, na inaweza kumvunja mnyama mifupa bila kumtoboa. Ongeza kwamba wengi wetu vijijini hawatii risasi ya duara. Wanatia vipande vya nondo, misumari, gololi za baiskeli. Vipande hivyo vinatawanyika, kimoja kinatoboa na kingine kinaponda, na mnyama anakwenda kufia mbali. Anayetaka kula kwa kauli ya al-Shawkani ni lazima apige kwa namna ambayo sababu ya al-Shawkani inakuwepo. Asogee karibu, atumie risasi moja nzima, alenge nyuma ya bega palipo na moyo na mapafu, na asipige kabisa kama hana hakika. Gobore halina risasi ya pili ya haraka.

Kisha kuna bismillahi. Nilimuuliza ndugu yetu babu yake alikuwa akiisema lini. Akajibu, wakati wa kushindilia. Jambo hili ni la gobore peke yake, maana mtu anashindilia alfajiri na huenda akapiga magharibi. Wanavyuoni wameiweka bismillahi ya mwindaji wakati wa kurusha mshale au kumwachia mbwa, basi kwetu ni wakati wa kuvuta mtambo. Kwa Imam Shafi ni sunna, na nyama inaliwa hata ikisahauliwa. Wahanafi na Wamaliki wanaona kuiacha makusudi kunaharamisha, na kusahau kunasamehewa. Kwa Wahanbali, katika uwindaji, hata aliyesahau hasamehewi. Isome kidole kikiwa kwenye mtambo, utoke katika hitilafu hiyo yote.

Ukimfikia angali na uhai uliotulia, mchinje. Hapo mzozo wote wa risasi unaondoka, Ibn Abidin na al-Shawkani wanakula sahani moja. Ukimkuta ameshakufa, kisu chako hakiongezi kitu. Anahukumiwa kwa risasi.

Nitasema machache juu ya usalama, kwa sababu kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria na gobore limeshapoteza macho na vidole vya watu wengi. Jambo la kwanza ni kuujua mtutu. Ingiza mdeki kwenye mtutu mtupu, utie alama unapoishia. Siku yoyote ukiingiza na alama ikabaki nje, ndani kuna kitu. Baruti haimiminwi moja kwa moja kutoka kwenye chombo chake kikubwa. Cheche iliyobaki mtutuni inatosha kukulipukia mkononi. Risasi isiachwe juu na nafasi ikabaki kati yake na baruti, maana hapo mtutu hupasuka. Fataki ikilia bila mlipuko, subiri dakika nzima, mdomo wa gobore ukielekea kusiko na mtu. Na masizi ya baruti hula chuma, kwa hiyo lioshwe kwa maji moto siku hiyohiyo, likaushwe, lipakwe mafuta. Magobore ya kienyeji yaliyotengenezwa kwa mabomba ya maji mimi nashauri yasiguswe kabisa.

Na sheria ya nchi? Mlima Elgon ni hifadhi ya taifa tangu 1993, na Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019 inakataza kuwinda bila kibali. Silaha nayo ina leseni yake. Wapo wanaosema hizo ni sheria za wanadamu. Nawakumbusha kwamba dini yetu yenyewe ina maeneo na nyakati za kutowinda: aliye katika ihramu hawindi mnyama wa nchi kavu, na Makka na Madina mnyama wake hafukuzwi. Kiongozi kuzuia uwindaji kwa maslahi ya watu wote si jambo geni. Aliyewinda kwa wizi na akachinja sawasawa, nyama yake haiwi mzoga, lakini dhambi ya wizi wake anayo.

Sasa ahadi yangu. Mimi ni mtu wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Mjomba wangu alikuwa na gobore. Nikiwa na miaka kumi hivi alimpiga pongo jioni, pongo akakimbia na jeraha, giza likaingia. Asubuhi tulimkuta amekufa, kichwa kimezama katika kijito. Mjomba alitoa kisu, akasema bismillahi, akachinja. Tulikula siku mbili. Mwaka wa pili hapa chuoni nikasoma katika Hadithi ileile ya Adi kwamba mnyama uliyempiga ukimkuta ametumbukia majini usimle, kwa kuwa hujui kama ameuawa na maji au na mshale wako. Nilifunga kitabu. Mwaka mzima sikumwambia mtu.

Hapa Uganda, mwaka 1876, vijana Waislamu wa kasri ya Kabaka Muteesa wa Kwanza waliuawa Namugongo, na kukataa kwao nyama ya wachinjaji wasiokuwa Waislamu kulikuwa miongoni mwa sababu. Nami nilikuwa naogopa kupiga simu.

Baada ya darsa ile nilipiga. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mwanangu, mmeamkaje huko?" Nikamweleza taratibu, Hadithi kwanza, pongo baadaye. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza, "Kwa hiyo tulikula mzoga?" Nikamwambia tulikula chenye shaka ambacho tungekiacha, na asiyejua hana lawama, na hakuna fidia juu yake. Akauliza kama chungu kilichopikiwa kinatupwa. Nikasema kilishaoshwa miaka mingi iliyopita, kiko tohara.

"Gobore nilishalisalimisha polisi," akasema. "Lakini shangazi zako wawili walikula, na jirani mmoja. Nitawaambia mwenyewe. Wewe usiwapigie, ni wakubwa zako."

Yule ndugu wa Wanale naye anakwenda kwao likizo hii, na atamuuliza babu yake alikuwa akipiga kwa umbali gani, na alikuwa akitia nini mtutuni.

Wabillahi tawfiq.